Gurudumu Lisiloitika

Kila siku nilipotoka shuleni, hata kabla ya kuvua sare, nilipitia gereji ya Baba ili niwe masikio yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mwaka wa 1996, nikiwa darasa la sita.

Baba yangu, Farouk, alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari mjini Thika. Gereji yake ya mabati ilikuwa nyuma ya Majengo, mahali ambapo ving'ora vya viwanda vilisikika asubuhi vikiita watu wa zamu. Yeye hakuvisikia. Miaka ishirini ya kugonga mabati ilikuwa imeyala masikio yake, na waliojua hivyo ni Mama na mimi tu. Maneno ya watu aliyasoma midomoni, tena kwa ustadi. Shida ilikuwa sauti za magari, maana gari halina midomo. Mteja akija kulalamika kuwa gari lake linapiga kelele, Baba aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, halafu akajifanya kutafuta spana mpaka nitokee na mkoba wangu. Hapo alinishika bega na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Limesemaje?"

"Linakwaruza upande wa kushoto, Baba. Likikata kona."

Basi angemwendea mteja na kumwambia hivyo hivyo, naye mteja angetoka pale akimsifu kuwa ana masikio ya paka. Mimi sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mwenye gereji.

Lile gari jekundu lililetwa Jumatatu moja ya Julai, mwezi ambao Thika hushinda bila jua na ukungu hukaa mpaka saa nne. Lilikuja likivutwa na lori la Barasa, dereva wa mchanga na mteja wetu wa siku nyingi. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la viti viwili tu, fupi kiasi kwamba niliona paa lake bila kuinua kidevu. Pamoja nalo alikuja mwenyewe, Mzee Gachau wa Ruiru, mtu mrefu aliyevaa koti la suti juu ya sweta.

"Habari ya kazi, fundi," alisema.

"Nzuri, mzee. Karibu."

"Hili gari niliachiwa na mdosi wangu. Nilikuwa karani wake kwa shamba la kahawa. Tangu akufe limekaa stoo miaka minane, na halina shida, ni vile tu limekaa. Nataka ulipake rangi na uangalie magurudumu. Shiko, binti yangu, anaolewa Jumamosi, na nilimwahidi akiwa mdogo kama huyu wako kwamba hili ndilo litampeleka kanisa."

Baba alichuchumaa akalitazama gurudumu la mbele. Halikuwa kama magurudumu mengine. Lilikuwa na mikono mitano minene ya kijivu, na Baba alipolitoa kwenye gari alilinyanyua kwa mkono mmoja, akakunja uso.

"Hii si chuma," alimwambia mzee. "Ni magnesiamu. Madini mepesi sana, walikuwa wakiyatumia ili gari likimbie. Lakini haya yamezeeka. Nitayapima Alhamisi. Likipatikana moja bovu, gari litalala hapa hata mwezi, mpaka tupate mengine Nairobi."

"Hayana ubaya," Mzee Gachau alisema. "Yatazame vile yanang'aa." Baba alilirudisha gurudumu mahali pake, akayajaza matairi upepo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko shuleni, Mahir alinijia mbio. Mahir alikuwa jirani yetu na tulikaa dawati moja. Nyanya yake alichuma kahawa upande wa Ruiru enzi hizo, na habari zote za huko Mahir alizijua, za kweli na za kupika.

"Niaje, Ikhlas. Ati gari la Bwana Kengele liko kwenu?"

"La nani?"

"Yule mzungu mwenye hilo gari. Watu wa shamba walimwita Bwana Kengele. Kila Januari alikuwa anatoa magurudumu yote manne, anayatundika kwa mti, anayagonga na mwiko. Halafu anainama kusikiliza. Alikuwa anayaita, na yanaitika."

"Zii. Wacha uongo."

"Haki ya Mungu. Uliza nyanya. Na alisema kama kuna siku moja litakataa kuitika, basi kwa hiyo nyumba lazima mtu akufe."

Nilimcheka, lakini mkate uliobaki nilimwachia yeye.

Alasiri hiyo Baba alikwenda msikitini, akaniacha nikilinda gereji. Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mabati, kisha yakakoma ghafla. Katika ule ukimya nilisikia pumzi.

Ilikuwa ndefu na nyembamba, kama ya mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Haikuacha. Niliangalia mlangoni, hakukuwa na mtu. Nikazunguka gari lile jekundu hatua kwa hatua, na pumzi ikazidi kusikika nilipofika upande wa dereva, mbele. Niliinama, nikapeleka mkono karibu na gurudumu. Kitu baridi kikanipuliza vidole. Niliruka nyuma, nikakaa nje kwenye matope mpaka Baba aliporudi.

"Linapumua, Baba," nilimwambia.

Baba alitega sikio kwa mazoea tu, maana alijua hatasikia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Katika gereji ile nzima aliyeweza kulisikia gari lile ni mimi peke yangu.

"Itakuwa ni valvu imechoka," alisema, akalijaza tairi upepo.

Asubuhi ya Jumatano nilipita hapo nikienda shule. Gari lilikuwa limeinama upande wa dereva, kana kwamba mtu mzito alikuwa ameketi pale usiku kucha akishika usukani. Viti vilikuwa vitupu. Chini ya gurudumu, sakafuni, palikuwa na unga mweupe mwembamba. Nilipanguza gurudumu kwa kitambaa, unga ukaja. Nikapanguza tena palepale, ukaja tena, kama kwamba ulikuwa ukitoka ndani kwenda nje. Nilinawa mikono mara tatu na bado nilihisi kwamba uko kwenye vidole.

Siku ya Alhamisi nilitamani mwalimu atupe adhabu ya kubaki shuleni. Hakutupa. Nilipofika gereji, nilisimama mlangoni nikaganda. Baba alikuwa ametoa matairi yote, na magurudumu manne yalikuwa yamefungwa kamba na kuning'inia kwenye boriti, yakizunguka taratibu. Baba alikuwa ameshika nyundo ya mbao. Yalikuwa ni yaleyale maneno ya Mahir, ila mti na mzungu ndio hawakuwepo.

"Njoo," Baba alisema. "Gurudumu zima likigongwa hulia muda mrefu. Nitagonga, wewe uniambie."

Aligonga la kwanza. Likalia, sauti safi iliyoenda mbali na kurudi. Alinitazama mdomo.

"Limesemaje?"

"Linalia, Baba."

La pili likalia. La tatu likalia. Kisha akasogea kwa la nne, lile la upande wa dereva, lile la unga. Akagonga.

Du.

Basi. Kama mtu aliyepiga gunia la unga. Gurudumu lilizunguka kwenye kamba yake, likanipa mgongo, na hakikusikika kitu kingine. Halikuitika.

"Limesemaje?"

Nitasema kweli, ingawa inaniaibisha mpaka leo. Niliwaza mambo mawili. La kwanza, nikisema limekataa, gari litalala kwetu mwezi mzima, na kila alasiri nitaachwa nalo likipumua. La pili, ikiwa gurudumu lisiloitika linataka mtu wa nyumba fulani, basi liende likamtafute kwingine. Nilitaka liondoke kwetu. Kwamba linaenda kwa nani, sikujiuliza.

"Limelia," nilisema. "Kidogo, lakini limelia."

Baba aliweka kiganja chake juu ya gurudumu, akaligonga tena kwa mkono wa pili, akasubiri.

"Mkono wangu hausikii kitu," alisema. "Yale mengine nilihisi yakitetemeka. Una hakika, Ikhlas?"

"Ndiyo, Baba."

Aliitua nyundo. "Sawa. Masikio ni yako."

Bodi ilikuwa imekwisha kupakwa rangi; jioni hiyo magurudumu nayo yalipakwa rangi ya fedha upande wa mbele, unaoonekana na watu. Ijumaa asubuhi Baba alirudisha matairi, na kwa kuwa lile la dereva lilikuwa limezoea kuisha upepo, alitia tyubu ndani. Mafundi wote wa Thika hufanya hivyo. Tairi likivuja na hupati pa kuziba, unatia tyubu na safari inaendelea. Pumzi ile ikanyamaza. Nilidhani nitafurahi, lakini nilipita kando ya gari lile nikiona kama linabana pumzi makusudi.

Baba alilipeleka Ruiru alasiri, polepole, akiwa pembeni kabisa ya barabara. Alirudi kabla ya magharibi, mzima, na mimi nikashukuru hata nikaitia chai yake sukari mara mbili.

"Wamefurahi sana," alituambia mimi na Mama. "Shiko alitoka jikoni na unga mikononi, akaketi kwenye kile kiti akicheka. Mzee anasema kesho wakishatoka kwa nyumba atalikimbiza kidogo kwa barabara kubwa, kama zamani. Ikhlas, amekutumia hiki."

Kilikuwa kipande cha utepe mweupe, uliobaki walipokuwa wakipamba gari. Shiko hakunijua. Alisikia tu kwamba fundi ana binti. Nilikiweka chini ya mto na nililala vibaya sana; kila nilipogeuka nilisikia du, na kila niliposikia du nilimwona msichana mwenye unga mikononi.

Jumamosi saa mbili asubuhi, kipande kile kikiwa mfukoni mwangu, Mama alinipeleka sokoni kununua chungu cha kupikia maharagwe. Mama yangu, Zainab, hanunui chungu kwa macho. Hukining'iniza kwenye kidole gumba na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Aligonga kimoja, kikalia. Akachukua kingine, kikubwa, chekundu, kizuri kuliko vyote pale. Akagonga.

Du.

Nilimshika gauni bila kujua.

"Hicho ni kizima, mama," muuzaji alisema. "Angalia vile kimeiva."

"Kina ufa," Mama alisema, akakirudisha. "Hauonekani, lakini upo. Kikikaa bure hakina neno. Siku kikipata moto na uzito ndio kitapasuka, na kitamwaga kila kilichomo." Halafu akaniona uso. "Wewe una nini?"

Hakukuwa na pepo. Hapakuwa na mtu aliyeketi kwenye kiti usiku kucha, wala mkono uliotoka kaburini kunipuliza vidole. Kulikuwa na ufa, na upepo wa tairi ulikuwa ukipitia humo, na mimi nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu mawili na kuukana. Niliogopa sasa kuliko nilivyoogopa pepo, kwa sababu pepo ningeweza kumkimbia. Nilimwambia Mama jambo moja tu, kwamba naenda kwa Baba, nikakimbia.

Gereji ilikuwa imejaa watu. Lori la Barasa lilikuwa juu ya jeki na Baba alikuwa amelala chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilipiga magoti.

"Baba, gurudumu la nne halikulia."

Miguu haikusogea. Asingeweza kuniona mdomo. Nilisema tena kwa sauti zaidi. Bado. Wateja wakageuka. Basi nikajaza kifua nikapiga kelele, mbele ya watu wote wale ambao hawakujua siri yetu, "Baba, nilikudanganya. Gurudumu la nne halikulia."

Barasa ndiye aliyempiga Baba mguu kidogo. Baba akatoka, uso wote mafuta.

"Sema tena," aliniambia. "Pole pole, nikuone."

Nikasema mara ya nne, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ilibidi nimtazame. Hakunigombeza. Alikifuta kiganja chake kwenye ovaroli, kile kiganja kilichomwambia ukweli akakataa kukiamini, akauliza, "Barasa, saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro."

"Harusi ni saa tano. Watatoka saa nne. Shusha jeki."

Tuliondoka na lori la mchanga, mimi katikati yao wawili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, na tulipopita Juja magari yalitokea mbele yetu taa kwanza, kisha umbo. Kila umbo dogo nililiona jekundu. Nilisikia kila kitu cha lori lile, nati zake, vyuma vyake, mlango uliolegea, na nikawa naviomba vyote vivumilie mpaka tufike.

Tulilikuta gari uani kwa Mzee Gachau, injini ikinguruma, utepe mweupe umetandazwa kwenye boneti. Mzee alikuwa ndani, mikono kwenye usukani, akimsubiri Shiko atoke. Wanawake walikuwa wamejipanga mlangoni tayari kwa ngemi, vigelegele vya Wakikuyu. Baba alishuka kabla lori halijasimama vizuri, akaenda kusimama mbele ya gari.

"Mzee, usiliondoe. Gurudumu hili si zima."

Mzee Gachau alizima injini. "Fundi, ni wewe mwenyewe uliniambia jana ni zima."

"Ni mimi."

"Sasa limeharibika likilala?"

Baba alivua kofia yake. Kulikuwa na watu kama arobaini pale, na baadhi yao walikuwa wateja wake. "Mzee, mimi sisikii," alisema. "Masikio yangu yalikufa kitambo na nikaficha, nisipoteze kazi. Kupima nilimtegemea mtoto, na mtoto aliogopa. Kosa ni langu kwanza. Nipe nusu saa tu, nikuonyeshe."

Walinung'unika. Mzee Gachau alitazama saa, akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi. Alishuka.

Barasa aliinua gari kwa jeki, wakalitoa gurudumu na kulilaza kifudifudi juu ya gunia. Upande wa nyuma hatukuwa tumeupaka rangi. Baba aliufuta kwa kitambaa, akaomba mafuta ya taa, akayapaka kwa brashi mpaka kila pembe ikalowa. "Tungoje," alisema. Tulingoja dakika kumi. Kisha akakausha mafuta yote, akachukua chaki kwenye sanduku lake la vyombo, akaisaga na kuipaka juu mpaka gurudumu likawa jeupe tupu.

"Hakuna kitu," mtu mmoja alisema.

"Tazama," Baba alisema.

Mwanzoni ilikuwa ni doa tu karibu na tundu la nati. Halafu doa likaanza kutembea. Mstari mwembamba mweusi ulijichora juu ya chaki bila mkono wa mtu, ukapanda kwenye mmoja wa ile mikono mitano, ukapinda, ukaendelea mpaka kwenye ukingo. Mwingine ukatokea upande wa pili ukienda kukutana nao. Yalikuwa yale mafuta ya taa tu, yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa na sasa yanarudi juu, lakini nilimwona mama mmoja akifanya ishara ya msalaba.

Mzee Gachau alikuwa bado hajakubali. "Ni mistari tu. Pengine ni juu juu."

Baba na Barasa wakatia vyuma kuondoa tairi. Barasa aliegemea chuma chake kama anavyofanya kila siku kwenye magurudumu ya lori, na kipande cha ukingo kikamegeka mkononi mwake kama biskuti. Ndani hakikuwa na rangi ya madini. Kilikuwa cheupe na cha unga, unga ule ule niliopanguza Jumatano; madini yalikuwa yakiliwa kutoka ndani.

Shiko alikuwa ametoka, amesimama na gauni lake ameliinua lisiguse vumbi. Aliangalia kile kipande, akaangalia kile kiti ambacho angekalia. Alikuja akaketi kwenye jiwe kando yangu bila kujali gauni.

Mzee Gachau alikichukua kipande, akakigeuzageuza. "Ngai," alisema taratibu. "Kumbe hiyo ndiyo kazi alikuwa anafanya."

"Nani, mzee?" Baba aliuliza.

"Mdosi. Kila Januari anayatundika kwa mti na kuyagonga. Sisi tulikuwa tunamcheka, wengine wanasema anaita mapepo. Aliniambia, Gachau, haya huzeeka ndani kwa ndani, usiyaamini kwa kuyaangalia. Nilidhani ni upweke wa uzee."

Nilijikaza nikauliza. "Na alikufa kwa sababu moja lilikataa kuitika?"

"Alikufa kitandani, mama, akiwa na miaka themanini na mitatu. Pengine alifika hiyo miaka kwa sababu alikuwa anayasikiliza."

Saa nne ya kuondoka ilikuwa imepita. Barasa alikohoa akasema lori lake limeoshwa jana, na kiti cha mbele ni safi. Shiko alicheka kwanza, kisha wote wakacheka kwa ile nafuu ya watu walioponea chupuchupu. Utepe ulihamishwa kutoka kwa gari jekundu ukafungwa kwenye boneti la lori la mchanga. Mimi nilitoa kipande changu mfukoni, nikakifunga kwenye kioo cha pembeni. Ngemi tano zikapigwa, na bibi harusi akaenda kanisani akiwa juu kuliko kila mtu barabarani.

Baba alibaki akikusanya vipande vya lile gurudumu mpaka chembe ya mwisho. Aliwaonya watoto wasitupe hata kimoja kwenye moto wa takataka. Madini yale yakishika moto, aliwaambia, huwaka mweupe wa kupofusha macho, na ukiyamwagia maji ndiyo unazidi kuyachochea. Alivitia kwenye mkebe mkavu, akafunga.

Tulirudi Thika kwa matatu, na gereji tukabaki wawili. Ndipo akaniketisha mbele yake.

"Hutachapwa," alisema. "Lakini nisikilize. Mimi niliwaficha watu kwamba sisikii. Wewe ukanificha kile ulichosikia. Uongo wangu na uongo wako ulikutana chini ya kiti cha yule msichana. Kuogopa si kosa, Ikhlas. Ungeniambia, Baba naogopa, tungeogopa pamoja na gurudumu tungelitupa. Mtu akikuuliza umesikia nini, mwambie ulichosikia, hata kama unatamani ungesikia kingine. Mwenye kupanda gari hakuoni wewe wala mimi. Anatuamini tu."

Jumatatu aliandika kwa rangi kwenye kibao cha mlangoni: FUNDI HASIKII VIZURI, SEMA UKIMTAZAMA. Nilidhani wateja watakimbia. Wawili walikimbia, waliobaki wakajifunza kumtazama usoni.

Jioni hiyo Mzee Gachau alituletea yale magurudumu matatu yaliyobaki. Alitaka kujua kama yanafaa, ili anunue moja tu la nne na gari lake litembee tena. Baba aliyatundika. Mzee alisimama kando, kofia mikononi, na matumaini yake yalionekana wazi usoni.

La kwanza lililia. La pili lililia. Baba akagonga la tatu, nalo likalia vizuri kama Alhamisi, kisha sauti ikakatika kabla ya wakati wake, kama mtu aliyeitwa katikati ya neno. Ilikuwa tofauti ndogo sana. Katika gereji ile hakuna mwingine ambaye angeijua. Nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na gurudumu lilizunguka kwenye kamba, likanigeukia.

"Limesemaje?" Baba aliuliza.

Nilimtazama Mzee Gachau, na nilimwonea huruma.

"Limeanza kukatika, Baba. Si zima."

Mzee alifumba macho kidogo, akavaa kofia yake. Baba aliitua nyundo, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu.

"Basi halitoki hapa," alisema. "Asante, masikio yangu."